Sijachoma Duka, Nimechoma Kauntabuku

Naona jamaa wa duka la jirani ameshawaambia kwamba nimechoma duka. Sijachoma duka. Duka lipo, nondo zipo, hata paka yupo. Nilichoma kauntabuku moja tu ya kwaya tatu, mbele ya timu nzima, nikiwa na akili zangu timamu.

Si mnajua tunahamia kwenye programu ya mauzo? Tajiri akanipeleka semina ya kuongoza mabadiliko. Mwezeshaji akatupa habari za Tariq bin Ziyad: mwaka 711 alivuka bahari kuingia Hispania, na inasimuliwa alizichoma merikebu zake ili askari wasiwaze kurudi. Akatuonya pia kwamba wa kwanza kupinga mabadiliko huwa ni mfanyakazi wa siku nyingi. Yote mawili nikayaandika, nikayapigia mstari.

Jumamosi jioni nikawakusanya wapakiaji, mtunza stoo na Mama keshia uani, wakazunguka pipa. Kijana mmoja nikamwambia arekodi. (Msiniulize. Nilitaka kitu cha kurusha WhatsApp.) Mauzo yote nilikuwa nimeshayaingiza kwenye kompyuta, ukurasa kwa ukurasa, kuanzia mbele.

"Meneja, hilo daftari..." Mama keshia akaanza.

"Mama, najua mambo ya zamani yanauma kuyaacha."

Nikamwaga mafuta ya taa.

"Mwanangu, geuza kwanza."

"Mama, sisi hatugeuki nyuma!" Wapakiaji wakapiga makofi. Nikawasha kiberiti.

Upepo wa jioni mnaujua. Ukalipindua lile daftari, likaanza kufunuka kutokea nyuma, karatasi moja moja, kama mtu ananisomea. Kumbe huko nyuma, kichwa chini miguu juu, ndiko madeni yalikoandikwa. Nikapinda shingo nisome. Fundi wa Tabata, nondo za milimita 12, vipande 20, atalipa Ijumaa. Moto ukaila Ijumaa. Wa Kinyerezi, saruji mifuko 30, katoa nusu. Na ile nusu ikaenda. Bati za geji 28... za nani? Jina limeshaondoka. Nikatia mkono, nikautoa haraka kuliko nilivyoutia. Mama keshia kakunja mikono, haongei. Kijana bado anarekodi, tena kasogea karibu.

(Wewe unayetaka kuniambia risiti za EFD, ile mashine ya kodi, zipo: risiti inasema kilichouzwa. Haisemi nani kaahidi mwisho wa mwezi.)

Tajiri akaja, akasema aliyoyasema. Jumapili nzima mimi na Mama tunasimamisha ile video, tunakuza picha, tunanakili. Madeni kiasi tumeyaokoa. Mafundi wengine wamepiga simu kuulizia, kwa upole kabisa, kama ukurasa wao unasomeka.

Programu inafanya kazi vizuri, asanteni. Mama ana kauntabuku mpya, na jioni anaitia mkobani anaondoka nayo. Aliyemnunulia ni tajiri mwenyewe.