Taa Inawaka, Mzee

Mimi nina kipara. Naanza na hilo mapema ili mnielewe uchungu wangu. Mtu aliyeagana na nywele zake zamani, Jumamosi asubuhi, jua la Kisumu limeshakasirika, anatumwa Mtaa wa Oginga Odinga kurudisha pasi ya nywele.

Mama watoto aliinunua shilingi 1,500 kwa ajili ya harusi ya dadake. Boksi lina picha ya msichana ambaye nywele zimemteremka hadi kiunoni, na limeandikwa kwamba chuma hufika nyuzi 230 kwa sekunde 30. Sekunde za wapi hizo? Tuliichomeka taarifa ya habari ya saa moja ikianza; wakafika kwenye hali ya hewa, chuma kina joto la chapati ya jana. Mama watoto akavuta, akavuta. Upande mmoja wa nywele ukalala kidogo, kwa heshima tu, halafu ukasimama tena. Harusini akaenda na kilemba.

Sasa dukani. Binti wa kaunta akanisikiliza huku akitafuna chingamu, kisha akaichomeka. Kitaa chekundu kikawaka.

"Taa inawaka, mzee."

"Naiona, binti yangu. Lakini haishiki moto."

"Si inawaka lakini?"

Kumbe hata siku ya kununua walimpimia mama watoto hivyo hivyo: kitaa kikakonyeza, wakamfungia. Nywele hazinyooshwi kwa taa, jamani! Ingekuwa hivyo ningemulika kwa tochi ya simu.

Akaitwa tajiri mwenyewe. Akanitazama kichwani, akakaa hapo muda. "Ni wewe uliyeitumia?" Wateja wakaangua kicheko, na mmoja wao ni dereva wa tuktuk wa stegi yetu, kwa hiyo habari ilifika Kondele kabla yangu.

Halafu akalaumu ziwa. Eti nywele iliyonyooshwa kwa moto ikipata unyevu hujikunja tena, na hewa ya hapa ina maji. Hilo kweli, nimeona kina mama wakikimbia manyunyu kuliko wanavyomkimbia mwenye nyumba. Lakini ziwa hurudisha nywele iliyokwenda. Hizi zetu hazikutoka nyumbani, zirudi kutoka wapi?

Nikamtolea Katiba ya 2010. Kifungu cha 46, nikamwambia, kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Nililisema kwa sauti ya bunge, kidole juu. Yeye akanyoosha chake ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Karatasi imegeuka rangi ya chai, selotepu imekauka, pengine ilitundikwa kabla hata ya kura ya maoni. Karatasi ikashinda.

Pesa hairudi, akasema, ila kwa vile mimi ni mtu mzima nichague kitu kingine cha bei hiyo. Nikazunguka rafu zote. Cha 1,500 hakuna. Kulikuwa na birika la umeme la 1,700. Nikatoa simu, nikamtumia 200 kwa M-Pesa, yaani nimekwenda kudai nikatoka nimelipa, na bado nikamwambia asante.

Nyumbani mama watoto hakuniuliza mengi, jambo ambalo kwa kawaida si dalili njema. Akajaza maji, akachomeka, akafunga mikono kifuani. Tukalitazama birika. Kimya. Akaweka kiganja ubavuni mwa birika, akakiacha hapo, akanigeukia.

"Taa inawaka," nikamwambia.