Kabla ya kujaza fomu ya famasi, kasimame kaunta

Kila mwaka matokeo ya S.6 (kidato cha sita) yakitoka, wazazi wa hapa Arua, Uganda, hunipigia simu mimi mtu wa famasi, na swali ni lile lile: mtoto amefaulu Kemia na Baiolojia, alama za udaktari hazikutosha, je, famasi inalipa? Huwajibu kwa heshima, maana ada ni nzito na mzazi ana haki ya kujua pesa yake inakwenda wapi. Lakini swali hilo linaniuma, na leo nataka kusema kwa nini, kisha nieleze njia ya kuingia kwa yule anayeitaka kazi hii kwa dhati.

Kuuliza malipo si kosa. Kinachoniuma ni kule kuiona famasi kuwa nafasi ya waliokosa udaktari, kazi ya kukaa dukani na kuhesabu vidonge. Kijana anayeingia na fikra hiyo atasoma miaka minne, atatumikia mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini, ataandikishwa, halafu atafanya lile lililotuharibia jina: atakodisha cheti.

Sheria yetu inataka kila famasi iwe chini ya usimamizi wa mfamasia aliyesajiliwa. Wenye mtaji ni wengi, wafamasia ni wachache, na wachache hao wamejazana Kampala. Basi tajiri wa mjini hutafuta jina. Humlipa mfamasia kila mwezi, cheti kinatundikwa ukutani, na mwenye cheti yuko mji mwingine kwenye ajira yake, anapita mara moja moja kutia sahihi. Nyuma ya kaunta anabaki binti aliyefundishwa na binti aliyemtangulia. Mgonjwa anaona kile cheti na kuamini kuwa yuko mikononi mwa mtaalamu. Mimi nasema huo ni udanganyifu dhidi ya mtu mgonjwa, hata kama karatasi zote ziko sawa. Kijana anayepanga kuishi kwa njia hiyo namwomba atafute fani nyingine.

Kuwepo ndiko kazi yenyewe. Alikuja mzee mmoja anataka diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti. Dawa ya kawaida, kila mtu anaijua, angeweza kuipata popote bila kuulizwa neno.

"Mzee, kuna dawa nyingine unayotumia nyumbani?"

"Ni za presha tu, mwanangu."

Diklofenaki na dawa za jamii yake huweza kupandisha presha, kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, na kwa mtu wa umri wake kuumiza figo. Aliondoka na parasetamo, mafuta ya kuchua, na ahadi kwamba angepimwa presha kabla ya kuendelea kununua chochote cha maumivu. Hakuna mashine iliyohitajika pale. Ilihitajika sentensi moja, na mtu mwenye kujua kwa nini anaiuliza.

Mifano ya namna hiyo ni mingi mno. Mama mjamzito anayetumia dawa za virusi vya UKIMWI zenye dolutegraviri anapewa pia vidonge vya madini ya chuma kliniki. Akivimeza pamoja tumbo likiwa tupu, madini yale huizuia dolutegraviri isiingie vizuri mwilini. Dawa anameza kila siku, lakini kinga anayodhani anaipata haipo kamili, na anayebeba hatari ni yeye na mtoto. Dawa yake ya virusi imezwe saa mbili kabla ya madini, au saa sita baada yake, au vyote pamoja na chakula. Ni maelezo ya nusu dakika. Nani atamwambia, kama aliye kaunta hajui?

Au chukua Coartem, dawa ya malaria ambayo kila nyumba ya Uganda imewahi kuimeza. Mtu mzima anapewa vidonge 24: vinne kila mara, mara sita, katika siku tatu. Dozi ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, na inafaa kumezwa na chakula chenye mafuta kidogo, la sivyo sehemu kubwa hupita tumboni bila kunyonywa. Ukimwandikia mtu "4x2" kwenye bahasha na kumwacha aende, umempa vidonge lakini hujampa dawa. Siku ya pili homa inashuka, vilivyobaki vinawekwa kabatini vimngojee mtoto atakayeugua mwezi ujao. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kuwa huku kaskazini mwa Uganda wamekuta vimelea vya malaria vinavyochelewa kufa vinapopigwa na artemisinini, dawa ambayo Coartem imejengwa juu yake. Habari ile ilinikosesha raha, na bado hainitoki kichwani. Klorokwini, dawa ya malaria ya zamani, ilitutoka mikononi vivyo hivyo.

Hapa Arua nina wateja wanaovuka kutoka Ariwara, Congo, na wengine kutoka Sudan Kusini. Kwa hiyo Kiswahili ndicho ninachofanyia kazi kutwa, pamoja na Kilugbara. Kijana anayekua na Kiswahili nyumbani asidhani ni kitu kidogo katika fani hii. Huko kusini-magharibi, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Wakongo kwa maelfu wanahitaji mtu wa kuwaeleza dozi wakaelewa, na maelezo ndiyo nusu ya matibabu.

Nyuma ya kaunta kuna upande ambao hauonekani, nao ni wa kuokoa maisha pia. Tangu 2001 matibabu kwenye vituo vya serikali ni bure. National Medical Stores, bohari ya dawa ya serikali, hupeleka dawa kwa mizunguko ya kila miezi miwili, na kituo kilichokadiria vibaya hubaki na rafu tupu kabla ya gari kurudi. Mgonjwa anapewa karatasi akanunue nje. Kukadiria vizuri, kujaza kadi ya stoo kila kidonge kinapoingia na kutoka, kutoa kwanza zile zinazokaribia kuisha muda, hiyo ni kazi ya mtu wa famasi. Fikiria oksitosini, sindano ya kuzuia mama kutokwa damu baada ya kujifungua. Inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika siku mbili na friji ikapata joto, chupa itabaki na sura ile ile, lebo ile ile, lakini nguvu yake inapungua, na mkunga atakayeichoma usiku hatakuwa na njia ya kujua. Yule aliyekagua kipimajoto cha friji asubuhi na jioni hatatajwa na mtu, na mama atakwenda nyumbani na mtoto wake.

Sasa njia ya kuingia. Huanzia mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani, kwenye uchaguzi wa masomo ya S.5. Kemia haikwepeki. Ioanishe na Baiolojia, na la tatu liwe Fizikia au Hisabati. Mwanafunzi asiyeipenda Kemia, anayeivumilia tu, atateseka: shahada ya famasi ni Kemia ya kaboni, ni jinsi mwili unavyoipokea dawa na kuitoa, ni utengenezaji wa vidonge na maji ya sindano, ni mimea ya dawa, na hesabu za dozi zisizosamehe nukta iliyokaa mahali pabaya.

Makerere ilianza kufundisha shahada hii mwaka 1988, pale kilimani Mulago. Mbarara nayo inafundisha, na Kampala International University kwenye tawi lake la Ishaka, Bushenyi. Nafasi za kulipiwa na serikali zinagombaniwa vikali. Anayezikosa aulizie mkopo wa serikali wa wanafunzi, ulioanzishwa mwaka 2014 chini ya Higher Education Students Financing Board na kuegemea zaidi masomo ya sayansi. Familia nyingi za huku kwetu hazijui hata kwamba upo. Baada ya shahada kuna mwaka wa mafunzo kazini, na nisikufiche: kupangiwa hospitali kumewahi kuchelewa kwa miezi kwa sababu ya bajeti, wahitimu wakabaki nyumbani wakisubiri. Jiandae kwa hilo kimoyo na kimfuko. Ndipo unasajiliwa, na cheti cha kufanya kazi hukihuisha kila mwaka.

Lakini ipo njia ya pili, na hapa ndipo ninapopishana na wenzangu wengi. Stashahada ya famasi, ile inayokufanya dispensa, naiona kuwa mlango bora kwa vijana wengi wa mikoani kuliko shahada. Inadai Kemia pia, ila kwa alama ambazo mtoto wa shule ya kawaida ya wilayani anaweza kuzifikia. Mulago wanaifundisha katika chuo cha serikali cha afya shirikishi, na viko vyuo vingine, vya serikali na vya watu binafsi. Ukimaliza unasajiliwa na Allied Health Professionals Council, baraza la wataalamu wa afya shirikishi. Nenda hospitali ya wilaya yoyote au kituo cha daraja la nne uone nani anabeba stoo ya dawa: mara nyingi ni dispensa. Na njia haifungwi hapo. Vyuo vikuu hupokea wenye stashahada nzuri, na wale wanaopanda kwa ngazi hiyo huingia darasani wakiwa tayari wameshika dawa, wamewajibu wagonjwa, wameona dozi ikikosewa. Nimefanya kazi nao na ningewachagua tena. Mzazi anayeona aibu kusema "mtoto wangu anasomea udispensa" anamnyima mtoto njia nzuri kwa ajili ya maneno ya majirani.

Onyo moja tu, na ninalisisitiza: kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha kozi yenyewe imeidhinishwa na mamlaka ya elimu inayohusika (kwa shahada ni National Council for Higher Education) na inatambuliwa na baraza litakalokusajili. Chuo kuwa na jengo, mabango na sare hakutoshi. Nimewaona vijana wakilia na vyeti mkononi ambavyo baraza haliwezi kuvipokea, na ng'ombe wa nyumbani walishauzwa.

Kuhusu pesa, maana najua mzazi bado anasubiri jibu: mfamasia halali njaa Uganda. Mwaka 2022 serikali iliongeza mishahara ya wanasayansi, wafamasia wakiwemo. Ajira za serikali hata hivyo hutangazwa kwa kusuasua, na dispensa katika duka la mtu binafsi anaweza kulipwa kidogo sana kwa saa nyingi. Wanaotajirika haraka wengi wao ni wafanyabiashara wa dawa, na biashara ina akili yake tofauti na famasi.

Kaunta pia si mwisho wa dunia. Kule Luzira kuna kiwanda kinachotengeneza dawa za virusi vya UKIMWI na za malaria, na kuna viwanda vingine vya vidonge na maji ya kutundika, vyote vikihitaji watu wa kupima ubora. National Drug Authority (NDA), mamlaka ya dawa iliyoundwa mwaka 1993, ina wakaguzi wanaokagua maduka na dawa zinazoingia mipakani. Wengine hufuata utafiti. Wakati wa Covid, mwaka 2021, timu ya Profesa Patrick Ogwang wa Mbarara ilitoa Covidex kutokana na mimea. Watu waliipigania madukani, na NDA, iliyokuwa imeonya kwanza, ikairuhusu kama dawa ya asili ya kumsaidia mgonjwa, bila kuitambua kuwa tiba ya Covid. Wengi waliikasirikia NDA kwa tahadhari ile. Mimi niliona pande zote mbili zikifanya kazi yao: mmoja anatafuta dawa katika majani tuliyoachiwa na wazee, mwingine anadai ushahidi kabla ya kukubali maneno. Kijana mwenye udadisi anaweza kuchagua upande wowote kati ya hizo mbili na akatumikia nchi.

Kwa anayesubiri matokeo au nafasi ya chuo sasa hivi, miezi ile ya likizo ndefu ni mali. Nenda kwenye famasi ya jirani, na uchague ile ambayo mfamasia au dispensa mwenyewe yupo, utajua kwa kuuliza. Msalimie, mwambie unafikiria fani hii, omba kusaidia kufagia, kupanga rafu, kusoma tarehe za kuisha muda. Wengi watakubali, sisi tunapenda kuulizwa. Dawa usimpe mtu, hiyo haijawa haki yako. Sikiliza tu watu wanavyoomba: atakayetaka antibayotiki za shilingi elfu moja kwa sababu hana zaidi, atakayenong'ona, atakayekasirika akiulizwa cheti cha daktari, mama atakayetaka kusimulia ugonjwa wote wa mtoto tangu alipoanza. Mwangalie anayewahudumia anavyojibu saa kumi na moja jioni, miguu imechoka na foleni haijaisha. Ukikaa hapo wiki kadhaa na bado unataka kujua kwa nini yule alipewa dawa hii na huyu akanyimwa, omba nafasi chuoni, shahada au stashahada, na ukipata shida ya fomu niandikie.