Tuwachangie Pia Wanaodai Haki

Mombasa si mji wa wachoyo. Mwezi wa Ramadhani ukiandama, tende, uji na kaimati hupangwa misikitini na barazani, na apitaye hukaribishwa bila kuulizwa kabila wala dini. Mgonjwa akizuiliwa hospitalini kwa deni, kundi la WhatsApp hufunguliwa usiku, na kufikia asubuhi M-Pesa zimeanza kuingia. Naupenda moyo huo. Lakini karibu kila shilingi yetu humwendea aliyekwisha kuumia, na anayesimama kumkabili mwenye kuumiza hubaki kujitafutia hata nauli.

Owino Uhuru, mtaa wa wanyonge kule Mikindani, wanalijua hili kuliko sisi sote. Kiwanda kilichopakana na nyumba zao kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009. Mwanawe aliyekuwa bado akinyonya akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi ndani ya damu yake. Sasa tuseme wahisani wangepeleka maziwa na unga mtaani hapo kila wiki. Wangesaidia, tena sana, maana mtoto mwenye njaa mwili wake hufyonza risasi zaidi. Lakini risasi ikishaudhuru ubongo wa mtoto, dhara hilo haliondoki, na tanuri likiendelea kuwaka, hata mtoto atakayezaliwa kesho ataikuta sumu ikimngoja. Ilibidi tanuri lizimwe.

Huruma peke yake haizimi tanuri. Watoto walipimwa damu, barua zikaandikwa, watu wakaandamana. Mwaka 2012 Omido, aliyewaongoza, alikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, mahakama ikaja kumwachilia. Kiwanda kikafungwa 2014. Ikaja kesi ya fidia: mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Miaka yote hiyo kuna maabara ya kulipwa, hati za kurudufishwa, mashahidi wa kusafirishwa. Ni gharama ambazo michango yetu haizikumbuki, labda kwa sababu kurudufisha hati hakuna picha ya kupendeza.

Wengi wataniambia hiyo ni siasa, na kwamba wanaharakati wanakula pesa. Wapo wanaokula, kama walivyopo wanaokula michango ya mayatima, na hatujaacha kuwachangia mayatima kwa sababu hiyo. Tudai hesabu kwa wote.

Tutazame maji. Familia ambazo mfereji wao umekauka hununua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Kuchimba kisima ni thawabu kubwa, na wengi mjini wamechimba. Ila kisima kilicho jirani na shimo la choo chahitaji kupimwa maji yake mara kwa mara. Na Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha, kwa hiyo tunachokidai kaunti si fadhila. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Katikati hapo mwananchi ana nafasi ya kusikizwa. Lakini mama anayeuza viazi karai akishinda kutwa kikaoni, jioni watoto wake watakula nini? Kumlipia mama huyo siku yake ya kazi na nauli ya matatu, ili aseme mwenyewe jinsi mtaa wake unavyopata maji, kwangu mimi ni sadaka iliyofika mahali pake.

Nasema sadaka. Zaka ina masharti yake, na wenye elimu ndio wa kuulizwa. Pendekezo langu ni kwamba kila msikiti, kanisa na chama cha akina mama kitenge sehemu moja kati ya kumi ya michango yake ya hiari kwa kazi hii, pesa zishikwe na watu watatu, na hesabu isomwe mbele ya waliochanga. Kazi ya kwanza iwe kupima maji ya visima vyetu wenyewe, majibu yaandikwe kisima kwa kisima, na yawe mezani kabla kaunti haijapitisha bajeti ijayo.