Chipu isiwe shahidi pekee wa rolapu

Rolapu, mitandao ya safu ya pili inayoupunguzia mzigo Ethereum, mtandao wa blockchain, zina swali gumu: nani athibitishe kwamba miamala iliyochakatwa pembeni imechakatwa sawasawa? Rolapu za Arbitrum na Optimism huacha takriban siku saba za pingamizi, yaani muda wa kupinga matokeo yenye kosa, kabla fedha hazijarudi Ethereum. Ushahidi wa kihisabati hauhitaji kungoja hivyo, lakini unakula nguvu nyingi za kompyuta. Njia ya tatu ni chipu: eneo lililofungwa ndani ya prosesa, kama SGX ya Intel iliyoingia sokoni mwaka 2015, ambalo huchakata data bila hata mwenye seva kuiona, kisha hutia saini matokeo. Ni haraka na rahisi. Taiko, rolapu nyingine, huitumia katika uthibitishaji wake.

Hoja ya kuongeza chipu kama shahidi ina uzito. Programu za ushahidi wa kihisabati bado changa, na kosa moja ndani yake laweza kupitisha muamala wa uongo. Shahidi wa aina nyingine anaweza kulinasa.

Shida ni pale chipu inaposimama peke yake. Mwaka 2018 shambulio la Foreshadow lilichota funguo za SGX. Mwaka 2025 watafiti wa shambulio la Battering RAM waliivunja SGX kwa kifaa cha dola 50 kilichowekwa kati ya prosesa na kumbukumbu. Intel husema kinga yake haikuundwa kuzuia mtu aliyeshika mashine mkononi. Katika kituo cha data chenye walinzi, sawa. Lakini kwenye mtandao unaomruhusu yeyote kuendesha nodi (kompyuta ya mtandao huo), anayeshika mashine ndiye hasa tunayemhofia!

Tena kuna tofauti kubwa kati ya usahihi na siri. Hesabu ya uongo ikigundulika mapema, inaweza kukataliwa. Siri ikivuja hairudi. Mwaka 2022 watafiti walitoa ufunguo mkuu wa Secret Network, blockchain ya faragha iliyotegemea SGX, uwezao kufungua miamala yote ya faragha tangu mwanzo.

Ndiyo maana naunga mkono pendekezo la Vitalik Buterin, mwanzilishi mwenza wa Ethereum: mashahidi watatu, yaani hisabati, pingamizi na chipu, wawili wakikubaliana inatosha. Ila SGX na TDX, kinga nyingine ya aina hiyo, zote za Intel, zisihesabiwe mashahidi wawili. Hata kuongeza kinga ya AMD, mshindani wa Intel, hakusaidii sana, kwani shambulio la TEE.fail la Oktoba 2025 liliziangusha zote tatu kwa njia ileile.