Australia: ukubwa usioingia kichwani

Mi nimesoma mara kibao kwamba Australia ina kilomita za mraba milioni 7.7 na watu kama milioni 27, na kila nikisoma naitikia tu "duh, kubwa" afu basi, haijaingia popote. Hata ukiniambia Tanzania inaingia mle mara nane bado haisaidii, maana hiyo Tanzania yenyewe sijaimaliza.

Kilichonifungua macho ni reli. Kuna treni inaitwa Indian Pacific, inatoka Sydney, mashariki, mpaka Perth, magharibi, kilomita 4,352, unalala njiani mara tatu, na pale kwenye uwanda wa Nullarbor reli inanyooka kilomita 478 bila kona hata moja. Hebu waza, reli huwa inakata kona kwa sababu mbele kuna mlima, au mto, au mji wa watu, sasa hapo wajenzi walikuwa wananyoosha tu siku baada ya siku na mbele hakuna cha kukwepa.

Afu kuna maisha yenyewe. Huko ndani daktari ndo anakufuata na ndege, na wala sio anasa, ni huduma iliyoanza 1928 maana kumsafirisha mgonjwa kwa gari ilikuwa ni kumzika njiani. Watoto wa maporini kuuzunguka mji wa Alice Springs, katikati ya nchi, walianza kusomeshwa kwa redio mwaka 1951, siku hizi ni intaneti. Na kuna shamba la ng'ombe, Anna Creek, lina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, linaizidi nchi ya Israeli. Shamba! Jirani yako hapo unamwomba chumvi saa ngapi?

Ila hesabu inayoniudhi ni ile ya wastani, eti watu watatu na ushee kwa kila kilomita ya mraba. Nani anaishi hivyo? Wengi wamejazana mijini, pwani pwani, na foleni zao kama kawaida. Jimbo la Western Australia peke yake ni kilomita za mraba milioni 2.5 na bado karibu wanne kati ya watano wako Perth na viunga vyake.

Na hapo kwenye kuiita nchi hiyo "patupu" naongea taratibu, maana Waaborijini, wenyeji wa asili, wamekuwepo nchi hiyo zaidi ya miaka 50,000 na maji yalipo jangwani wanayajua. Nullarbor ni Kilatini, "hakuna mti". Jina la mgeni hilo.