Malaria ya Mistari Miwili

Kazi yangu ni kuendesha boti ya abiria, Lamu kwenda Mokowe na kurudi, ila tangu malaria iliponiangusha masika yaliyopita nimejifanya daktari. Si niliona mwenyewe? Nilitobolewa kidole, tone la damu likatiwa kwenye kipimo, ikatoka mistari miwili. "Mmoja, huna kitu. Miwili, una malaria," akasema mpimaji. Nikapewa vidonge 24: vinne asubuhi, vinne jioni, siku 3. Elimu ile nikaishika.

Basi mke wangu alipoanza kusinzia tangu Magharibi, nikajua. Kichefuchefu kikaja, nikajua zaidi. Changu wa kukaanga, ambaye nadhani anampenda kuliko mimi, siku hizi akimnusa tu hukimbilia chooni. Usiku anaamka mara 3 kukojoa. Nikasema madafu hayo. Siku zake kuchelewa sikuhesabu. Nauli zenyewe zinanishinda!

Asubuhi moja nikakuta kijiti kwenye dirisha la choo. Mistari miwili, myekundu kabisa. Nikakichukua, huyo mbio. Kichochoroni nikakutana na punda wa mchanga, na kichochoro chetu punda akipita binadamu hupumua kwa zamu. Nikakibana kijiti kwa meno ili mikono yote miwili imsukume.

Kwenye duka la dawa palikuwa na watu wanne, mmoja shangazi yake mke wangu. Nikakibwaga kijiti juu ya kaunta.

"Nipe dozi ya mtu mzima. Mke wangu ana malaria."

Binti muuzaji akakiinamia, hakukigusa. "Kaka, hiki kilitiwa damu au mkojo?"

"Sikuwepo."

"Malaria haipimwi hivi. Hiki hutiwa mkojo, kinatafuta homoni ya mimba. Mstari huu waonyesha kipimo ni kizima, na huu wa pili..."

Hakumaliza. Shangazi alipiga kigelegele kilichotawanya paka wote wa Mkomani. Watu wakanipa mkono. Mimi nilikuwa bado kwenye lile neno "mkojo", nikimkumbuka punda.

Nilipofika nyumbani habari ilishatangulia. Mke wangu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Nilitaka nikwambie usiku, baada ya Isha, tukiwa wawili. Kijiti changu ki wapi?"

"Anacho shangazi yako," nikasema, huku natema mate. "Anazunguka nacho mtaani."