Kushusha Altezza ya Kila Siku: Kwa Nini Springi Laini Ndiyo Hugonga

Altezza nyingi zinazoingia Dar es Salaam hufika siku mwenyewe akaanza kuulizia bei ya springi fupi. Sababu inaeleweka. Toyota waliliuza gari hili Japani kuanzia Oktoba 1998 hadi 2005, wakaliwekea mikono ya juu na ya chini kwenye saspensheni ya mbele na ya nyuma, na kwenye toleo la RS200 la gia za mkono wakaweka injini ya 3S-GE yenye nguvu za farasi 210. Halafu wakaacha nafasi kati ya tairi na fenda inayopitisha ngumi. Kuna watakaosema sidani ya milango minne si gari la michezo. Waseme tu, ndilo gari la michezo ambalo kijana wa Kimara anaweza kulinunua na bado akaenda nalo kazini Posta.

Wanaopinga kulishusha wana hoja isiyohitaji darasa. Barabara ya Morogoro ina matuta na rasta karibu kila penye makazi, ndani ya hifadhi ya Mikumi yako mengine ya kuwalinda wanyama, na huko mitaani watu hujijengea tuta mbele ya nyumba zao kwa kipimo cha hasira walizokuwa nazo siku hiyo. Gari lililolala huchubua tumbo na hugonga bomba la moshi. Wanaongeza kwamba faida yenyewe ni ndogo, na hapo hesabu iko upande wao: kama kitovu cha uzito kiko sentimita 50 na kidogo juu ya lami, kukishusha kwa sentimita 3 kunapunguza uzito unaohamia tairi za nje kwenye kona kwa takriban asilimia 6 tu. Seti ya tairi nzuri inaweza kukupa zaidi ya hapo.

Nakubali hesabu yao, ila gari wanalolitetea silioni barabarani. Altezza za mwisho kabisa zimeshafikisha miaka 20. Shokapu zake za kiwandani, kama bado zipo, zimekufa, na bushi zimepasuka. Anayesema "ya kiwandani ndiyo laini" mara nyingi anasifia ulegevu. Kosa hilohilo lipo kambi ya pili: mtu anafunga koilova mpya, yaani springi na shokapu zilizoungana na kuwekewa nyuzi za kurekebisha kimo, kisha anaapa kwamba gari limekuwa laini kuliko mwanzo. Mwanzo upi? Amelinganisha kitu kizima na mzoga. Kabla ya ubishi wowote, shokapu mpya za kawaida na bushi nzima zingewamalizia wengi kiu yao, na mfukoni ingebaki pesa.

Tuseme umeshafanya hivyo na bado unataka gari lishuke. Dukani utashauriwa uchukue springi fupi lakini laini, ili usiumie. Ushauri huu ndio unaowaumiza watu. Kila shokapu ina mwendo wake wa kupanda kabla haijafika kwenye ile raba inayokaa juu ya fimbo yake. Tuseme gari lilikuwa na milimita 80 za mwendo huo na umeshusha 30, zimebaki 50. Nishati ya pigo ambayo springi inaweza kuimeza hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kumeza pigo lilelile ndani ya milimita 50 kunataka springi ngumu zaidi ya mara mbili na nusu, tukiiacha kando kazi ya shokapu. Springi za kushushia zinazouzwa kama laini hazikaribii huko hata kidogo. Pengo linazibwa na raba. Ule mgongo unaoruka kwenye kila tuta, ambao mwenye gari anausingizia ugumu wa springi, ni raba inafanya kazi ya springi.

Lakini usikimbilie springi ngumu ya kilo 12 kwa milimita kwa sababu hiyo, maana mashimo yanadai kinyume. Tuta linataka nafasi ya tairi kupanda, shimo linataka nafasi ya tairi kushuka, na nafasi hiyo springi ngumu inaila. Gari ambalo mwili wake hupanda na kushuka mara 1.25 hivi kwa sekunde, kama sidani nyingi za kawaida, huwa limeikandamiza springi kwa kiasi cha sentimita 16 likiwa limesimama, zikipimwa kwenye tairi. Likifikishwa mara 2 kwa sekunde, kama magari makali ya barabarani, inabaki sentimita 6 tu. Zaidi ya hapo springi haina tena cha kuisukuma tairi chini, na tairi inaning'inia juu ya shimo. Ndiyo maana naona gari la kila siku huku likae karibu na mara 1.5 hadi 1.7, na ndiyo maana lisishuke zaidi ya milimita 25 au 30. Namba hizi mbili zinashikana. Ukivuta moja, nyingine inakuja nayo.

Hapa tahadhari moja kuhusu kilo. Vijana hulinganisha springi kwa ile namba ya kilo kwa milimita iliyoandikwa ubavuni, wa Subaru akimcheka wa Altezza au kinyume chake. Haiwezekani. Kwenye Subaru Impreza ya zamani springi imevaa shokapu iliyosimama karibu na tairi, kwa hiyo ugumu wake unafika tairini karibu wote. Kwenye Altezza springi imekaa katikati ya mkono, na ugumu unaofika tairini hupungua kwa mraba wa uwiano kati ya mwendo wa springi na mwendo wa tairi: uwiano ukiwa 0.7, springi ya kilo 8 inafika tairini ikiwa na kilo 4 kasoro. Kilo 6 za Subaru zinaweza kuwa ngumu kuliko 8 zako.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji ni mbele dhidi ya nyuma. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce akaenda General Motors, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba abiria hutulia zaidi pale nyuma ya gari inapocheza kwa kasi inayoizidi kidogo ya mbele. Tairi za mbele ndizo zinazokutana na tuta kwanza. Kwenye Altezza, ambayo kati ya ekseli zake kuna milimita 2,670, ukienda kilomita 60 kwa saa za nyuma zinafuata baada ya kama sekunde 0.16, na nyuma iliyozidi kidogo kwa kasi huiwahi mbele, mwili ukatulia sambamba. Seti nyingi za koilova zimepangwa mbele ngumu, nyuma laini, kwa sababu hizo hutulia kwenye mzunguko wa mashindano. Kwenye rasta za Kibaha matokeo yake ni kichwa kuitikia "ndiyo" safari nzima.

Nazo "kliki", zile hatua za kitufe cha kurekebisha ugumu wa shokapu? Koilova ya bei ya chini inajinadi kwa kliki 30 na ushee. Sizidharau, lakini kitufe kile mara nyingi kinabana njia ndogo ya mafuta inayotawala miendo ya polepole, kama mwili kulala kwenye kona. Pigo la tuta ni mwendo wa kasi wa fimbo, na hapo kinachoamua ni zile sahani nyembamba za chuma juu ya pistoni, ambazo hukuzichagua wewe. Ukifungua kliki zote utapata gari linaloelea na bado linagonga. Pesa ya shokapu za Öhlins au Bilstein inakwenda kwenye sahani hizo. Mfumo wa DFV wa Öhlins, kwa mfano, unafungua njia ya mafuta kwa mapigo ya ghafla, tairi ikipanda na ikishuka. Kwa bajeti ya kati ningependelea shokapu iliyofupishwa kwa ajili ya gari la chini, kama Bilstein B8, pamoja na springi ya kushusha kiasi kidogo, kuliko koilova ya kliki nyingi. Angalizo: B6 ni ya kimo cha kawaida, usichanganyikiwe dukani.

Koilova za mtumba kutoka Japani, zile unazokuta Ilala zikiwa na kutu kwenye nyuzi, ni kamari ambayo mimi siichezi. Sili zikivuja huku hakuna wengi wa kuzifungua upya, na chumvi ya pwani ikishazifunga nyuzi, kile kimo unachotaka kurekebisha hakirekebishiki tena. Kukata springi kwa msumeno hata sijadili.

Tairi ziingie kwenye hesabu pia. RS200 nyingi hutumia tairi za 215/45R17, ambayo ubavu wake una milimita 97. 205/55R16 ina 113 na kimo cha tairi nzima karibu kilekile. Milimita 16 za hewa na raba kwa bei ya rimu za mtumba, ilimradi rimu ipite juu ya kalipa za breki. Wenye rimu za inchi 18 wanajua wanacholipia. Na gari likishashuka, tairi zake huinamia ndani, kwa hiyo alaimenti ifanywe baada ya springi kukaa, la sivyo upande wa ndani wa tairi utaisha kabla hujaona.

Baada ya kufunga chochote, funga kamba ndogo ya plastiki, ile ya kubania waya, kwenye fimbo ya kila shokapu na uisogeze hadi chini. Endesha njia yako ya kila siku, na abiria wako wa kila siku, kisha ingia chini uangalie. Kamba ikiwa imesimama mbali na raba, mwendo unao, na ukisikia ukali kautafute kwenye shokapu au tairi. Ikiwa imebanwa kwenye raba, pandisha gari milimita 10 au ongeza ugumu wa springi, na kliki uziache zilipo.